Kodi ya Fremu Tuliyoihama

Uzinduzi wa tovuti mpya una bajeti ya keki. Nimeiona kwa macho na nimeila kwa mdomo: keki yenye nembo mpya ya shirika, mgeni rasmi na Mkurugenzi wameshika kisu kimoja, MC anatuamuru tupige makofi ya kilo. Kuna fungu la fulana, fungu la kalamu, fungu la yale mabango ya kusimama yanayoanguka feni ikiwashwa, na fungu la mpiga picha atakayeleta picha tukiwa tumeshasahau shughuli yenyewe. Ambacho sijawahi kukiona kwenye bajeti yoyote, hata kwa gharama ya soda, ni tovuti ya zamani.

Na mimi ndiye ninayebaki nayo. Ofisini naitwa "mtu wa IT", cheo ambacho ndani yake mna printa kukwama, projekta kugoma na simu ya bosi kujaa picha za maua zenye salamu za asubuhi. Katikati ya hayo natunza tovuti ya shirika moja linaloshughulika na wakulima. Jina silitaji kwa sababu bado linanilipa, japo kwa mafungu.

Tovuti hiyo haitulii. Ilianza na jina refu lenye kistari katikati. Mfadhili akasema halitamkiki, ikapewa jina la herufi za mwanzo. Baadaye ikaonekana herufi zile zile, huko ughaibuni, ni za kampuni ya sumu ya panya, tukahama tena. Kila kuhama kulitanguliwa na warsha, Bagamoyo au Morogoro, ya kulala na posho, ambako mshauri mwelekezi alitutaka tufumbe macho tuseme shirika letu lingekuwa mnyama, lingekuwa mnyama gani. Tukasema twiga. Tukaulizwa twiga wa rangi gani. Tukala chai ya saa nne. Hakuna aliyeuliza kuhusu mkulima aliyeandika anwani ya zamani nyuma ya daftari la deni, kwamba huyo tunamwachia neno gani.

Kwa wasioingia jikoni, mambo yenyewe ni hivi. Kila ukurasa wa tovuti una anwani yake. Ukiibonyeza, kivinjari kilichomo kwenye simu yako kinakwenda kuuomba ukurasa kwa seva. Ukurasa ukiwapo, seva inajibu kwa namba 200 na kuutoa. Usipokuwapo inajibu 404, namba ambayo siku hizi hata watoto wanatukanana nayo. Lakini lipo jibu la kiungwana, 301, maana yake: ulichokifuata kimehama moja kwa moja, nenda anwani hii. Anwani mpya huandikwa kwenye mstari uitwao Location, kivinjari kinageuza njia bila kelele, na mwenye simu anafika asijue kama aliwahi kupotea. Ni ile karatasi ambayo mfanyabiashara mstaarabu wa Kariakoo huibandika kwenye mlango wa fremu yake ya zamani kabla ya kubeba marobota: "Tumehamia mtaa wa pili, mkono wa kushoto, karibuni."

Kwa seva ya Apache, ambayo ndiyo utakayoikuta kwenye hostingi nyingi za bei ya kawaida, karatasi hiyo ina mstari mmoja tu:

Redirect 301 /pembejeo.html /huduma/pembejeo/

Amri, namba, palipohamwa, palipohamiwa. Basi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anauandika huku anakula mhogo. Ndiyo maana nikiambiwa "tutalitazama hilo awamu ya pili" damu inanipanda. Awamu ya pili ya nini? Ya mstari mmoja?

Na si sisi peke yetu. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa hesabu zake: kati ya kurasa zilizokuwa mtandaoni mwaka 2013, asilimia 38 zilikuwa hazipatikani tena miaka kumi baadaye. Sidai zote zilihama bila kuaga, nyingine zimekufa kifo chake halali. Ila kwa ninavyowafahamu binadamu wenzangu na awamu zao za pili, sitashangaa kusikia kwamba nyingi zipo hai mahali fulani, zimenenepa, na hazijulikani zilipo.

Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni wavuti pale CERN, Uswisi, alilisema hili mapema. Mwaka 1998 aliandika kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na kwamba mwenye tovuti anapaswa kutoa anwani atakazoweza kuzisimamia baada ya miaka 2, baada ya 20, hata baada ya 200. Miaka mia mbili, jamani! Akaonya pia mtu asitie ndani ya anwani chochote kinachopita: jina la mwandishi, mada, hali ya waraka, aina ya programu iliyotumika. Sasa anwani ya ukurasa wetu wa mbegu, ile niliyoikuta nilipoajiriwa, ilikuwa na jina la afisa mradi, jina la mradi, mwaka wa bajeti na neno "mpya2". Afisa aliondoka, mradi ukaisha, mwaka wa bajeti ukafungwa, na mbegu zenyewe zikapigwa marufuku. Kilichobaki kweli kwenye anwani ile ni ile 2.

Wakati mwingine hata mwenye nia njema anakwama. 301 ina Location moja, haina "au". Oktoba 2017 Wizara ya Nishati na Madini iligawanywa ikawa wizara mbili. Fikiria wewe ndiye mtu wa IT siku ile, una ukurasa mmoja wa zamani uliochanganya umeme na dhahabu, na mistari miwili ya wakubwa wapya kila mmoja akidai wageni ni wake. Na wapo waliohamishwa pamoja na mtaa. Zaire ilipokuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, herufi zake za mtandaoni nazo zilibadilika kutoka .zr kwenda .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Hapo hata uwe na mistari elfu ya kuelekeza, seva yako haina tena jina la kuitwa nalo, kwa hiyo haina wa kumwelekeza.

Sisi hatukugawanywa wala hatukufutwa. Sisi tuliombwa orodha tu.

Kabla ya kuhama hutakiwa orodha yenye safu mbili: kushoto anwani zote za zamani, kulia kila moja inakokwenda. Niliiomba kikaoni. Mwenyekiti akasema ni hoja nzuri sana, niiweke kwenye grupu. Nikaiweka. Nikapata vidole gumba vingi, mikono ya maombi mitatu, na mtu mmoja aliyejibu "Amina" akidhani ni tangazo la msiba. Faili lilirudi kwangu likiwa linaitwa "orodha_ya_mwisho_MPYA_halisi_usifute". Safu ya kushoto ilikuwa imejaa vizuri. Ya kulia, mistari ya juu ilikuwa na majibu ya maana, kisha kuanzia hapo hadi chini kabisa kukawa na anwani moja tu inayojirudia: ukurasa wa mwanzo. Nilipouliza, dada wa mawasiliano akanijibu bila kuinua macho kwenye simu, "Kaka, mshauri mwelekezi amesema wote wapelekwe nyumbani, watatafuta wenyewe."

Ushauri huo umelipiwa kwa dola. Maana yake mkulima wa Njombe anayetafuta bei ya mbegu za viazi anabonyeza kiungo cha bei ya mbegu za viazi, na kinachomfungukia ni picha ya Mkurugenzi anakata keki. Google wenyewe wanaliona: ukielekeza kurasa zote kwenye ukurasa wa mwanzo bila uhusiano wowote, roboti yao huweza kulihesabu kuwa ni 404 iliyovaa suti. Ukurasa ambao kweli umekufa na hauna mrithi, ni heshima zaidi kujibu 404, au 410 inayosema wazi kwamba kitu hiki kilikuwapo na hakipo tena. Lakini nenda kaseme kwenye kikao chenye mfadhili kwamba unataka tovuti ijibu "hakipo tena".

Halafu kuna mafundi. Nawaheshimu mafundi, mwenyewe ni mmoja wao, ila kuna kizazi cha fundi anayeandika amri ile bila namba. Apache ukiiandikia Redirect peke yake, inachukulia 302, yaani "tumetoka kidogo, tunarudi". Kivinjari kinapita vizuri, mtu anafika, fundi anapewa hela yake na soda juu. Kumbe mitambo ya kutafutia imeambiwa kwamba hii ni hali ya muda, hivyo inaweza kuendelea kuwaonyesha watu anwani ya zamani ikisubiri wenye nyumba warudi. Wenye nyumba hawarudi. Walishakula keki.

Na kila anayekuja hagusi cha mwenzake, anaongeza chake juu. Anwani ya enzi ya kistari inaelekeza kwenye jina la herufi, la herufi linaelekeza kwenye jina la sasa bila usalama, lisilo na usalama linaelekeza kwenye lenye https, hilo linaongezewa www, na mwishoni kabisa mtu akaona inapendeza kuwe na mkwaju wa mwisho. Kila mruko ni safari kamili ya kwenda kwa seva na kurudi. Ukiwa Masaki kwenye waya wa fiba huhisi kitu. Ukiwa mahali ambapo juu ya simu pameandikwa herufi E, na una bando la siku ambalo nusu limeliwa na video ya shemeji yako, unazihisi moja moja. Roboti ya Google huvumilia hadi miruko 10. Chrome inakata tamaa baada ya 20. Mkulima wangu akifika wa tatu anaweka simu mfukoni na kwenda kumuuliza jirani, ambaye jibu lake halina Location wala ukweli.

Kubwa kuliko yote ni ile siku kanuni mbili zilipogombana. Programu ya tovuti ilikuwa na kanuni isemayo: kila anayekuja bila www, mwongezee. Fundi wa hostingi, kwa kujituma ambako hakuna aliyemtuma, akaweka yake kwenye seva: kila anayekuja na www, mpunguzie. Basi mgeni akawa anaongezewa huku, anapunguziwa kule, hadi kivinjari kikanyoosha mikono na kuandika kwamba ukurasa huu umeelekeza mara nyingi mno. Niliiondoa kanuni ya yule bwana, nikapima, ikafunguka, nikaagiza chai. Simu ikaita.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Tovuti haifunguki."

"Ilikuwa na tatizo, bosi, lakini nimeshaliondoa. Inafunguka."

"Kwangu haifunguki."

"Hiyo ni laptopu yako. Imekumbuka jibu la kwanza."

"Inakumbuka vipi wakati mimi mwenyewe paswedi siikumbuki?"

Hapa ndipo 301 inapoonyesha kwamba haina utani. Ikisema moja kwa moja, ni moja kwa moja. Kivinjari kinaruhusiwa kuliweka jibu hilo kwenye kache na kutorudi tena kuuliza, isipokuwa kama seva ilikiambia mapema kwamba jibu hili lina muda. Seva unaweza kuirekebisha ukaipaka na mafuta. Laptopu ya bosi haina habari, inakwenda moja kwa moja ilikoambiwa mwanzo.

"Sasa si uiambie kwamba umeshabadilisha?"

"Siwezi, Mkurugenzi. Haiji kwetu kuuliza."

Kimya. Nikamshauri ajaribu dirisha la faragha. Akaniuliza, kwa sauti ya chini iliyonifanya nijue kuna mgeni ofisini kwake, kama hilo dirisha si ndilo la kutazamia mambo mabaya. Nikamwambia linatazama lolote. Hakulifungua. Akamwita dereva, dereva akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, ambayo tangu inunuliwe haijawahi kutembelea tovuti ya shirika, na tovuti ikafunguka papo hapo na twiga wake. Nimepanda ngazi kwenda kufuta kache nikakuta swali si la kiufundi tena. Swali ni kwa nini dereva anahudumiwa vizuri kuliko Mkurugenzi.

Dawa ya hilo ipo na wala si siri ya kiganga: unaanza na 302, unatazama watu wanafika wapi, ukiridhika ndipo unaigeuza 301. Au unaipa 301 yenyewe muda mfupi wa kukumbukwa hadi uwe na uhakika. Fundi wa hostingi nilipomweleza hivyo alinijibu "poa bro", na kwa uzoefu wangu hilo ndilo jibu la mtu aliyekwishakata simu.

Nisiache fomu. Mtu anajaza fomu ya kuomba mafunzo: jina, kijiji, ekari ngapi, ng'ombe wangapi. Anabonyeza "Tuma". Fomu inakwenda anwani ya zamani, seva inajibu 301, na vivinjari vina tabia ya tangu enzi: vikipokea 301 vikiwa vimebeba fomu, huenda anwani mpya mikono mitupu na kuomba ukurasa tu. Ng'ombe wote wameachwa njiani. Watunga viwango vya intaneti waliliona, wakaleta 308 mwaka 2014, ambayo nayo ni ya kudumu ila inaamuru kwamba uliyekuja na mzigo uende na mzigo. Inafanya kazi vizuri sana. Kwetu haikuwekwa, na kwenye mkutano wa tathmini iliandikwa kwamba "mwitikio wa wakulima ulikuwa hafifu", na mshauri mwelekezi akapendekeza utafiti wa kujua kwa nini wakulima hawapendi fomu.

Mistari hii yote, kwa wenye Apache, mara nyingi hukaa kwenye faili linaloitwa .htaccess. Angalieni hiyo nukta ya mbele. Faili linaloanza na nukta huwa halionekani kwenye orodha ya kawaida mpaka uombe kuonyeshwa vilivyofichwa. Kwa hiyo siku mtu anapohamisha tovuti kwenda hostingi nyingine, anachagua vyote anavyoviona, anavikopi, picha za warsha zote zinafika salama hadi ile ya mtu aliyelala, na faili lenye kumbukumbu za miaka yote linabaki nyuma. Na akilikumbuka, huenda hostingi mpya inatumia Nginx, ambayo haisomi .htaccess hata kwa kulipwa. Inabidi kuandika yote upya kwa lugha yake. Kuna watu wanastaafu bila kujua kwamba waliwahi kuacha faili hilo.

Ninajuaje nani anapotea? Nasoma kumbukumbu za seva. Asubuhi kabla ya chai nachuja mistari yenye 404. Mingi ni ya roboti zinazokesha zikiulizia wp-login.php, mlango wa WordPress, kwenye tovuti ambayo haijawahi kutumia WordPress. Ukizipita hizo unawaona watu. Kuna mmoja amekuwa akiulizia /bei/mahindi.htm, anwani ya enzi ya kistari, kila juma, siku ya gulio nadhani, alfajiri. Anapigwa 404, anajaribu tena, anapigwa tena, anaondoka. Simjui ni nani. Nimemwandikia mstari wake. Sikuuombea kibali kikaoni.

Mtu kama huyo anwani ameipata wapi? Kwenye ukuta. Watu wa mawasiliano wanadhani tovuti ipo mtandaoni. Tovuti ipo kwenye kalenda. Shirika liligawa kalenda zenye picha ya shamba la mahindi lililostawi kuliko shamba lolote tulilowahi kulihudumia, na mpaka leo ukienda kwa mama ntilie karibu na ofisi yetu utaikuta ukutani, mwaka ulishapita zamani, picha inapendeza, nani ataitoa? Anwani ya zamani imechapwa chini yake kwa wino mwekundu. Imechapwa kwenye vikombe, kwenye miavuli, kwenye vitenge vya Nanenane ambavyo akina mama wameshavishona magauni, na kuielekeza anwani iliyo mgongoni mwa gauni ni kazi ya fundi cherehani. Imeandikwa kwenye milango ya pikapu zote za shirika. Mwaka fulani wakaja na mtindo wa ule mraba wa kuskani, wakauchapa kwenye mabango hadi vijijini. Mraba huo ndani yake ni anwani tu, na anwani ni ile ile ya zamani, ila sasa hata binadamu hawezi kuisoma akajua imekosewa.

Kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo alikuja na wazo kwamba tutumie vifupisho vya viungo, ili anwani ikibadilika tubadilishe huko huko. Wazo zuri, ukishajibu kwamba huko ni kwa nani. Google walianzisha kifupisho chao cha goo.gl mwaka 2009, mwaka 2019 wakakifunga kwa viungo vipya, kisha 2024 wakatangaza kwamba hata vya zamani vitakoma Agosti 2025. Siku zilipokaribia wakalegeza: vinavyoendelea kutumika vikaachwa. Yaani kama kiungo chako kilikuwa kwenye tasnifu ya mtu ambayo haijasomwa muda mrefu, pole. Na hao ni Google.

Kwa hiyo tunarudi kwenye kitu kimoja ambacho nimekisema mpaka nimeota sugu ulimini: ile karatasi ya mlangoni inasomeka mradi mlango ni wako. Jina la zamani la tovuti lisipolipiwa, linachukuliwa na mwingine, na huyo hataacha karatasi yako pale. Shirika moja jirani, la watoto yatima, liliacha jina lake la kwanza liishe muda. Sasa ukiliandika unakaribishwa kubeti, na dau la kwanza ni bure. Wafadhili wao wa kanisa fulani huko Ulaya waliligundua kabla yao.

Nikachukua mfano huo nikaenda nao kwa mhasibu, mama mmoja mpole asiyeweza kuvumilia risiti iliyokunjwa.

"Mdogo wangu, hili jina la zamani tunalitumia?"

"Hatulitumii, mama."

"Sasa tunalipia nini?"

"Tunalipia watu wasiojua kwamba hatulitumii."

Akavua miwani. Akasema hiyo ikiingia kwenye vitabu itatoka ikiwa hoja ya ukaguzi, na yeye hoja za ukaguzi alizonazo zinamtosha hadi kustaafu. Nikamwomba aiandike anwani ya zamani kwenye kompyuta yake. Akaiandika kwa kidole kimoja. Ikafunguka tovuti mpya.

"Mbona inafanya kazi?"

"Ndiyo, mama, kwa sababu tumelipia."

"Sasa kama inafanya kazi, ya nini tena kulipia?"

Nikanywa maji. Nikaanza upya, nikamweleza kwamba Google wanashauri kuelekeza kudumu kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana, walau mwaka mmoja. Katika sentensi hiyo yote alisikia "mwaka mmoja" na kuandika pembeni. Nikasema mwaka mmoja ni kwa ajili ya mitambo yao ya kutafutia, watu wa kalenda hawana ukomo. Akasema bajeti ina ukomo.

Kilichoniokoa ni pikapu. Nilikwenda karakana nikaomba ankara ya kufuta maandishi ya milangoni na kuyapaka upya, magari yote, nikaiweka mezani kwake pembeni ya ankara ya jina. Jina la mwaka mzima halikufikia bei ya kupulizia mlango mmoja wa gari, tena bila rangi ya twiga. Mama akazitazama karatasi zote mbili kwa muda mrefu, akasema hili kumbe si suala la IT, ni suala la magari. Likaingizwa kwenye fungu la matengenezo ya magari, baada ya matairi na kabla ya oili.

Tukafungua mfumo wa malipo tukajaza sote wawili. Maelezo ya huduma: "anwani ya kudumu". Muda wa kuanza, tukajaza. Muda wa kwisha nikauacha wazi. Mfumo ukakataa, sehemu hiyo ni ya lazima. Nikaandika 31 Desemba 9999. Ukakataa, tarehe si sahihi. Nikajaribu miaka kumi, ambayo ndiyo mirefu zaidi unayoweza kuuziwa jina la .com kwa mara moja. Ukasema inavuka mwaka wa fedha. Mama akanisogeza kwa kiwiko, akaandika mwenyewe, ukapita. Anwani yetu ya kudumu inaisha tarehe 30 Juni.